MGB ya mjomba au Prado? Majibu kwa madereva wa Kigoma

Shikamoo fundi. Mjomba ameniachia MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, ya wazi, viti viwili, ya mwaka 1966. Naishi Mwanga, na Kasulu naenda kila wiki. Niiuze ninunue Prado?

Marahaba mwanangu. Kwa safari za Kasulu tafuta Prado, hilo halina ubishi. MGB bomba lake la moshi liko karibu mno na ardhi, tuta moja baya linaling'oa. Halafu giaboksi: MGB za mwaka huo hazina sinkro (kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia ziingie laini) kwenye namba moja. Ukiitia gari likiwa bado linatembea, utasikia meno yanasagana. Simama kabisa kwanza.

Lakini usiiuze, nakuomba. Prado ikiwasha taa ya injini, unatafuta mwenye mashine ya kupimia. MGB ukifungua boneti kila kitu unakiona: kabureta mbili za aina ya SU, distribyuta inayogawa moto wa plagi, plagi nne. Ikisita unapokanyaga mafuta, fungua kifuniko kidogo juu ya kila kabureta. Kijiti chake kikitoka kikavu, ongeza oili nyepesi kidogo. Nimeshuhudia watu wakibadilisha plagi na waya zote kwa tatizo hilo hilo!

Mume wangu anasema gari la chini ni salama kwa sababu halipinduki ovyo. Ni kweli? (Mama wa watoto watatu, Gungu)

Kwenye kupinduka mumeo hajakosea, dada. Ila MGB ya zamani haina mifuko ya hewa wala ABS (breki zinazozuia matairi yasijifunge), na juu ya kichwa ni turubai tu. Ina kilo 920 hivi. Prado ni kama tani 2. Zikikutana uso kwa uso sitaki hata kufikiria. Watoto wapande Prado, na baba apunguze mwendo kwenye kona.

Turubai hilo linahimili masika?

Likiwa zima, ndiyo. Usilikunje likiwa bichi, litaota ukungu.

Mimi ni fundi umeme Ujiji. Hiyo MGB imeletwa kwangu, haiwaki. Betri sijaiona!

Angalia nyuma ya viti, chini ya kifuniko cha sakafuni. Ziko mbili, za volti 6 kila moja, zimeungwa zitoe 12. Na hapa, fundi mwenzangu, soma taratibu: kwenye gari hilo chanya ndiyo imefungwa kwenye bodi, siyo hasi. Ukiboosti kwa gari lingine, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, na bodi zisigusane hata kidogo. Redio ya kisasa usiifunge humo, itaungua. Likiwaka, niandikie.