"Kilo" inapaka rangi hadi "kilometa"

SWALI: Habari za kazi, ndugu wahariri. Nimebuni lugha ndogo ya kuandikia mapokezi ya kahawa ya chama chetu cha msingi. Mafaili yake huishia na .kahawa. Natengeneza kiendelezi cha kihariri cha Visual Studio Code (VS Code) cha kuyatia rangi, ila nimekwama. Neno kilo linapata rangi, lakini kilometa nayo hupakwa nusu. Nikiandika "Gunia #4", kuanzia # hadi mwisho wa mstari panageuka maoni. Namba nazo hazina rangi kabisa, ingawa nimeziita rangi.namba.
Msomaji, Moshi

JIBU: Package.json, faili linalotambulisha kiendelezi, usiiguse. Kilo imepata rangi, maana yake scopeName (jina la lugha) ya humo inalingana na ya faili la sarufi, lenye kanuni za rangi. Kasoro zimo ndani ya sarufi yenyewe.

Kilo haina mipaka ya neno. Andika "match": "\\bkilo\\b"; \b ndiyo mpaka wa neno. Alama ya \ lazima iwe mbili, kwani JSON, muundo wa faili la sarufi, hula moja. Hapa wengi huumia: \d (tarakimu) moja huleta kosa mara moja, lakini \b moja ni halali kwa JSON, hugeuka herufi nyingine isiyoonekana, na rangi hutoweka kimya kimya.

Kihariri husoma mstari kutoka kushoto. Kanuni inayoanza mapema ndiyo hushika. Nukuu zako hazina kanuni, basi # haikupata mpinzani. Ongeza hii:

{ "name": "string.quoted.double", "begin": "\"", "end": "\"|$" }

Begin ikishashika, kanuni za nje husubiri hadi end ipatikane. Hiyo $ (mwisho wa mstari) usiiache: karani akisahau kufunga nukuu, rangi itamwagika hadi mwisho wa faili.

Namba ziite constant.numeric. Rangi hutolewa na mandhari aliyochagua mtumiaji, nayo hulitambua jina hilo la kawaida, rangi.namba hailijui.

Bonyeza F5, fungua faili la .kahawa kwenye dirisha jipya, na kila ukibadili sarufi bonyeza Ctrl+R humo. Kisha Ctrl+Shift+P, chagua Developer: Inspect Editor Tokens and Scopes, uweke kishale juu ya #. Ukiona comment badala ya string, kanuni ya nukuu haijashika.

Ukija kuihamishia Vim, kihariri kingine, angalia mpangilio. Kanuni mbili za match zikianzia mahali pamoja kwenye mstari, huku VS Code hushinda iliyotangulia kuandikwa. Kule Vim hushinda ya mwisho.