Kusomea Nyota Hadi Uzamili: Majibu kwa Wasomaji wa Tanga

Tangu nilipoeleza katika safu hii kwamba nilifundisha fizikia hapa Tanga kwa miaka kadhaa kabla ya kwenda kusomea shahada ya uzamili ya astrofizikia na kosmolojia, nimeletewa maswali mengi kuhusu safari hiyo. Nimechagua matano ambayo yanajirudia kwa sura mbalimbali.

Shikamoo Mwalimu. Ninamaliza shahada ya sayansi na ualimu, masomo yangu yakiwa fizikia na hisabati. Je, chuo kinaweza kunipokea ilhali sijasoma hata kozi moja ya nyota? (Mwanafunzi, Chumbageni)

Marahaba. Unaweza kupokelewa, na kutosoma kozi ya nyota si kizuizi kikubwa, kwa kuwa vyuo vingi huanza kuzifundisha nyota zenyewe katika ngazi hiyo ya uzamili. Wanaoamua udahili hutazama kwanza kama umesoma mekanika, umeme na usumaku, fizikia ya joto, mekanika ya kwanta, pamoja na kalkulasi ya vigeu vingi na matriki. Hapo ndipo penye pengo letu sisi tuliopitia ualimu: muda wetu uligawanywa kati ya masomo mawili na mbinu za kufundisha, hivyo mekanika ya kwanta tuliigusa kwa haraka tu. Ikiwa bado una nafasi ya kuchagua kozi za hiari, chagua hiyo hata kama itakushushia wastani kidogo.

Zipo pia njia zenye mwaka wa kuunganisha. Afrika Kusini, baada ya shahada ya miaka mitatu, mwanafunzi husoma kwanza mwaka mmoja unaoitwa onazi, kisha huingia uzamili. Mpango wao wa kitaifa wa astrofizikia, NASSP, ulioanza mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Cape Town, umejengwa juu ya ngazi hizo mbili. Kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ICTP, cha Trieste, Italia, kilichoanzishwa na mwanafizikia Abdus Salam mwaka 1964, kina stashahada ya mwaka mmoja kwa wahitimu wa nchi zinazoendelea wanaohitaji kuimarisha misingi yao kabla ya kuendelea. Ninaipenda njia hii ya pili kwa mtu wa hali yako, kwa sababu inakufundisha upya yale uliyoyapitia kijuujuu.

Neno moja la tahadhari: omba transkripti mapema. Mimi niliomba yangu wiki tatu kabla ya tarehe ya mwisho, ofisi husika ikachukua wiki saba, na mwaka mzima ukanipita.

Mwalimu, binti yangu amefaulu vizuri na sasa anasema anataka kusomea unajimu. Nimemlea katika dini na sitaki aingie katika mambo ya kupiga ramli. Nimkataze? (Mama, Pangani)

Mama yangu, usimkataze. Lugha yetu ndiyo imeleta utata huu, kwa kuwa neno unajimu hutumika kwa mpiga ramli na kwa mwanasayansi vilevile. Anachokitaka binti yako wazee wetu walikiita elimu ya falaki, yaani kupima mwendo wa jua, mwezi na nyota, na hakina utabiri wa bahati ya mtu yeyote. Wavuvi wa Pangani wanaijua sehemu yake kila mwezi: bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, wakati jua na mwezi vinapovuta bahari katika mstari mmoja, na maji mafu huja mwezi ukiwa nusu. Atakayoyasoma binti yako ni hesabu za namna hiyo, zikipelekwa mbali zaidi.

Tena fani hii si ngeni katika pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Palichaguliwa hapo kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa ziada. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza eksirei zitokazo angani, orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339, na vipimo vyake vya kimoja kati ya hivyo, Cygnus X-1, vilisaidia kuwashawishi wanasayansi kwamba mashimo meusi, yenye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hauponyoki, yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mweleze binti yako habari hii. Huenda hakuisikia shuleni, na inamhusu.

Astrofizikia na kosmolojia zinatofautianaje, na nichague ipi? (Msomaji, Ngamiani)

Astrofizikia huchunguza vitu vilivyomo ulimwenguni: nyota huwaka kwa nini, hufa vipi, galaksi hujengwaje. Kosmolojia huuchukua ulimwengu wote kama kitu kimoja na kuuliza umri wake, ambao sasa unakadiriwa kuwa miaka bilioni 13.8, umeundwa na vitu gani na unatanuka kwa kasi gani. Swali hilo la mwisho ndilo linalonivuta hadi leo. Ukipima kasi hiyo kwa kutumia mwanga mkongwe uliobaki tangu utoto wa ulimwengu, unapata takriban kilomita 67 kwa sekunde kwa kila megaparseki, yaani umbali wa takriban miaka milioni 3.26 ya mwanga. Ukiipima kwa nyota zinazobadilika mng'ao na zinazolipuka katika galaksi za karibu, unapata takriban 73. Tofauti hiyo imegoma kuondoka hata vipimo vilipoboreshwa, na huenda inatuambia kwamba kuna fizikia ambayo hatujaijua.

Usichague sasa. Kozi nyingi huzifundisha zote mbili kabla ya tasnifu.

Fedha zitatoka wapi? (Mwalimu wa sekondari, Muheza)

Usianze na vyuo. Anza na ufadhili, kisha tafuta chuo kinachouendea. Kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa Uingereza na wa Erasmus Mundus kwa Ulaya. Karibu na nyumbani, taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa msingi, EAIFR, ya Kigali, inayoshirikiana na ICTP, hufundisha uzamili wa fizikia. Vipo pia vituo vya AIMS, yaani taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, ambavyo kile cha kwanza kilifunguliwa Cape Town mwaka 2003 na Neil Turok, mwanakosmolojia aliyeishi Dar es Salaam utotoni wakati wazazi wake walipokuwa uhamishoni. Hutoa uzamili wa sayansi za hisabati wenye ufadhili, na ni daraja zuri.

Nina kompyuta ndogo ya zamani na akiba kidogo. Ninunue darubini ili nijiandae? (Msomaji, Raskazoni)

Usinunue. Weka akiba hiyo kwenye bando la intaneti na ujifunze Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa sababu mwanafunzi wa uzamili hukaa mbele ya data usiku mwingi kuliko anavyokaa nyuma ya darubini.

Jaribu zoezi hili. Novemba, jua likishazama, tazama mashariki utaona Kilimia, kile ambacho wahenga walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kisha ingia katika hifadhi ya data ya setilaiti ya Gaia, iliyo wazi kwa kila mtu bila malipo, upakue nyota za eneo hilo la anga na kubakiza zile tu zinazosogea pamoja. Utakuta kwamba pembe ya paralaksi ya nyingi kati yake, yaani pembe ambayo nyota huonekana kusogea kwa sababu dunia inalizunguka jua, inakaribia 7.4, kwa kipimo cha elfu moja za sekunde ya pembe. Gawanya 1,000 kwa 7.4 upate umbali wa parseki 135, kila parseki ikiwa miaka 3.26 ya mwanga. Zidisha kwa 3.26 upate takriban miaka 440 ya mwanga. Sasa chora mng'ao wa nyota hizo dhidi ya rangi zake, uandike kurasa mbili za kueleza kwa nini zimejipanga katika mstari mmoja badala ya kutawanyika, na uziambatanishe kurasa hizo na barua yako ya maombi.