Jibu: Wasifu wa kurasa nne na Kiingereza cha usaili

Ndugu yetu wa Kasulu, umeuliza kwa nini huitwi kwenye usaili na mashirika yanayohudumia wakimbizi katika kambi ya Nyarugusu, na kama ulipie kwanza kozi ya Kiingereza.

Tatizo kubwa naliona kwenye wasifu wako wa kazi (CV) wa kurasa nne uliouweka hapa. Umeandika kwamba ulikuwa "mtunza stoo mwenye bidii", maneno ambayo kila mwombaji huyaandika. Afadhali ueleze kwamba ulipokea na kugawa magunia ya mahindi, ukajaza leja, na kila mwisho wa mwezi ukalinganisha mzigo uliopo na hesabu ya vitabuni. Kurasa mbili zinatosha. Dini, hali ya ndoa na shule ya msingi viondoe, isipokuwa tangazo limeviomba, na kazi ya karibuni itangulie. Tangazo likitaka uzoefu wa ghala na uandaaji wa ripoti, hayo mawili yaonekane mapema kwenye ukurasa wa kwanza, kama kweli umeyafanya.

Kozi mimi nisingeilipia kwa sasa. BBC Learning English, iliyoanza mwaka 1943, inatoa masomo bure mtandaoni, ingawa kusikiliza tu hakutakufikisha mbali. Chukua kila mstari wa wasifu wako, ueleze kwa sauti kwa Kiingereza huku ukijirekodi kwenye simu, kisha usikilize ulipokwama na urudie. Maswali mengi ya usaili hutoka humo humo. Ukishaurekebisha ukurasa wa kwanza, uweke tena hapa tuutazame, lakini ufute namba ya simu.