Kickstart imenifutia diski ya bekapu

SWALI: Habari kaka, naweka AlmaLinux (aina ya Linux) kwenye seva zetu kwa Kickstart, yaani faili la maagizo linaloendesha usakinishaji lenyewe, juzi ikafuta mpaka diski ya pili yenye bekapu. Nimekosea wapi?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, hiyo inauma. Nahisi umeandika clearpart --all peke yake, na hiyo inafagia patisheni (vigawanyo) za diski zote inazoziona, haikuulizi kitu. Weka na ignoredisk --only-use utaje diski moja tu, ila usiandike jina fupi la diski kama sda maana jina hilo laweza kuhamia diski nyingine ukiwasha tena, chukua lile refu la /dev/disk/by-path linalofuata diski ilipochomekwa. Saizi ya kila patisheni inaandikwa kwa MiB (1024 ni GiB 1), so --size=20480 ni GiB 20, halafu --grow weka kwa /home tu (patisheni ya mafaili ya watumiaji) ijaze nafasi iliyobaki. Na diski ya bekapu ichomoe kabisa kabla hujaanza, mi ndo nafanya hivyo kila mara.