Darasa la kidijitali bila mega: simu moja na wanafunzi 50

Mwalimu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, akiambiwa afundishe kwa mtandao, hukimbilia WhatsApp: anafungua kikundi, anatuma PDF, anangoja majibu. Jioni nusu ya darasa hawajafungua kitu, maana pesa ya mega (data ya intaneti) ndiyo pesa ya unga. Walimu wenzangu, tusimdai mtoto kile ambacho mzazi wake hana.

Weka Kiwix, programu ya kusomea ensaiklopidia bila intaneti, kwenye simu yako ya Android, kisha upakue Vikidia, ensaiklopidia ya Kifaransa iliyoandikiwa watoto wa miaka 8 hadi 13. Wikipedia nzima ya Kifaransa ni nzito, tena ina mtego: kadi ya kumbukumbu yenye mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. Tafuta mahali penye waifai, upakue mara moja. Baada ya hapo intaneti haihitajiki.

Darasani zima data kwanza, ndipo uwashe hotispoti, yaani waifai inayotoka kwenye simu yako. Ukisahau, simu za wanafunzi zitanyonya mega zako kabla hujamaliza kuita majina. Kwenye Kiwix ingia sehemu ya kugawa vitabu kwa waifai. Itakupa anwani kama http://192.168.43.1:8080. Iandike ubaoni yote, hadi zile namba za mwisho. Mwanafunzi akiruka kipande, ukurasa haufunguki, au kivinjari hudhani ni neno la kutafuta Google, na Google haipo.

Kinachokwamisha zaidi ni hiki. Simu ikigundua kwamba waifai haina intaneti, hurudi kimyakimya kwenye data yake. Alama ya waifai unaiona, lakini ukurasa haufunguki, na mtoto anadhani simu yake ni mbovu. Azime data, simu ikimuuliza kama abaki kwenye waifai isiyo na intaneti, akubali.

Simu nyingi hupokea vifaa 8 au 10 tu. Kwa wanafunzi 50, panga vikundi vya watano (au vya sita hadi saba kama simu yako hupokea 8 tu), kila kikundi simu moja. Mwenye simu asome kwa sauti, mwingine aandike. La sivyo, wengine watabaki watazamaji.

Swali ndilo linalobeba somo. Ukisema "tafuteni ziwa Kivu", watanakili aya ya kwanza bila kuielewa. Uliza: kwa nini gesi ya metani inabaki chini ya ziwa na haipandi juu? Hapo lazima waunganishe kina cha zaidi ya mita 450, mgandamizo, na maji ya chini yenye chumvi, mazito kuliko ya juu. Ila nyumbani fungua makala kwanza uone kama jibu limo. Likikosekana, ongeza maelezo ubaoni.

Hotispoti hula betri na kuchemsha simu, basi vua kava na uiweke mbali na dirisha lenye jua. Pitia daftari kabla hujazima hotispoti, ili kikundi chenye mstari wa mashaka kirudi kwenye makala kiusome tena.