Mjadala ukitoka nje ya mada, admini afanyeje?

Ndugu yangu, umeuliza kama admini afute papo hapo kila ujumbe unaotoka nje ya mada. Asikimbilie kufuta. Nimesimamia makundi kwa miaka kadhaa, na kinachowaumiza watu zaidi ni kukuta walichoandika kimetoweka bila maelezo.

Chukua mfano huu. Mtu ameuliza namna ya kurudisha picha zilizofutika kwenye simu. Wa tatu anasifia kamera yake, wa kumi anabishania simu ipi bora, na mwenye shida bado hajajibiwa! Ubishi wenyewe si mbaya, ila umekaa pasipo pake. Ufungulie mada yake (Telegram inaruhusu mada ndani ya kundi tangu 2022), kisha andika mstari mmoja tu: "Habari za simu bora tuhamie kule, hapa tumsaidie mwenzetu kupata picha zake." Wengi watahama bila kinyongo.

Anayerudia mara kwa mara mfuate inboksi. Ukimkemea mbele za watu atajitetea mbele za watu, na hapo mada imepotea mara ya pili.

Matusi ni habari nyingine, hayo futa bila kusubiri. Na hasira zikipanda, Telegram ina mpangilio wa kumfanya kila mwanachama wa kawaida asubiri, kuanzia sekunde chache hadi saa 1, kabla ya kuandika tena. Mimi huweka dakika 5, na mara nyingi zinatosha watu kupoa.