Fundi Anajibu: Kumvuta Mtoto Nyuma ya Baiskeli

*Shikamoo fundi. Tunaishi Münster, Ujerumani, mimi, mume wangu na watoto wawili. Mkubwa ana miaka mitano. Baiskeli yake ya inchi 16 anaimudu, ila tukienda mbali kidogo anachoka, anashuka, anakaa chini na kugoma. Mdogo ana miaka miwili, huyu nambeba kwenye kiti kilichofungwa kwenye keria yangu. Sasa jirani ananiuzia nusu baiskeli, ile yenye gurudumu moja inayofungwa nyuma ya baiskeli ya mtu mzima. Mimi ni mfupi, siti yangu iko chini sana. Niichukue? – Mama wa wawili*

Marahaba, mwanangu. Usiichukue, na nitakueleza kwa nini, maana si kwamba chombo chenyewe ni kibaya. Nusu baiskeli naipenda sana. Mtoto ana pedeli zake na cheni yake. Akitaka kusaidia anakanyaga, akichoka anaacha miguu na safari inaendelea. Usukani wake haugeuki, ni wa kushika tu, na nyingi hazina breki, kwa hiyo mambo yote mawili yako mikononi mwako. Mtoto wa miaka mitano anajiona msafiri, si mzigo. Hiyo ni faida kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Lakini chombo kizima kinaning'inia kwenye kiungo kimoja, kile kinachobana bomba la siti yako. Kiungo hicho kinatakiwa kikubali kwenda kulia na kushoto unapokata kona, na kupanda na kushuka barabara inapokuwa na matuta. Kulala upande hakitakiwi kabisa. Bushi zake, yaani vile vipete vya ndani ambamo pini inazunguka, zikilika, au kibano kikiwa kikubwa kuliko bomba, mtoto anaanza kuinama upande mmoja, naye akijisahihisha anakuvuta kiuno. Ndiyo maana ukienda kuangalia chombo cha mitumba, acha rangi na kengele: shika usukani wa mtoto, uutikise kulia na kushoto, uangalie kiungo. Kikicheza, rudisha pesa mfukoni.

Kwako wewe kuna vizuizi viwili hata kama kiungo ni kizima. Kibano kinataka sehemu ya bomba iliyo wazi kati ya siti na fremu, na mtu mfupi hana sehemu hiyo. Ukiinua siti ili upate nafasi, miguu haitafika chini vizuri, na mtu anayevuta mtoto lazima akanyage chini kwa uhakika kila anaposimama. Pili, kiti cha mdogo kiko palepale juu ya keria, ambapo mkono wa nusu baiskeli unapaswa kupita na kugeuka.

Tafuta aina inayofungwa kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma. Maarufu ni FollowMe ya Uswisi. Inabeba baiskeli ya mtoto mwenyewe, kuanzia inchi 12 hadi 20: gurudumu lake la mbele linanyanyuliwa na kukaa kwenye kishikio, la nyuma linabaki chini likizunguka. Bomba la siti na keria vinabaki huru, kwa hiyo kiti cha mdogo hakiguswi. Ila mpya bei yake inapita euro 200, kwa hiyo uliza kwanza kwa wazazi wa shule ya chekechea. Watoto wanakua, vitu hivi vinabaki stoo. Kabla ya kulipa, mwoneshe fundi gurudumu lako la nyuma. Baiskeli nyingi za huko zina gia ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, na kila aina ya ekseli inataka nati zake. Nati zisizo zake zisikazwe kwa nguvu ati zitakubali.

Kinachonipendeza zaidi ni kwamba mtoto akipata nguvu unamfungua na anaendesha mwenyewe. Mkizunguka ile Promenade ya Münster, njia ya miti iliyopita palipokuwa na ukuta wa mji, karibu kilomita 4.5, anaweza kwenda peke yake sehemu tulivu, mkikaribia makutano yenye magari unamfunga. Kumbuka sheria ya huko: akiwa ameshafunguliwa, mtoto ambaye hajatimiza miaka minane lazima apite njia ya waenda kwa miguu, au njia ya baiskeli iliyotenganishwa na barabara. Tangu mwisho wa 2016 mzazi anaruhusiwa kuendesha naye kwenye njia hiyo ya miguu. Mkivuka barabara kutoka hapo, wote mnashuka.

Jambo moja nakuomba kwa msisitizo. Mwanzoni usiwabebe wote wawili. Mdogo aende na baba yake. Mtoto juu ya keria anakuvuta kutoka juu, wa nyuma anakusukuma ukishika breki, na wewe bado unajifunza. Zungukia kwanza Aasee, kandokando ya ziwa ni tambarare. Shika breki zote mbili, mapema, bila kushtua. Kabla ya hapo angalia raba za breki zimebaki kiasi gani. Kona ikate kwa upana, maana gurudumu la nyuma linapita ndani zaidi ya ulipopita wewe. Mlimani usisimame juu ya pedeli, punguza gia ukae. Wewe panda kwanza, kanyaga chini imara, ndipo mkubwa apande. Kushuka, yeye aanze. Taa nyekundu iwe nyuma kabisa, kwenye baiskeli ya mtoto, kwa sababu yako atakuwa ameiziba.

Na akianza kusinzia, simama. Hakuna mkanda wa kumshika pale. Mtoto mwenye tabia ya kulala njiani bado ni wa tela la magurudumu mawili lenye mikanda na kitambaa cha kuzuia mvua, na si aibu kumrudisha humo mwaka mwingine.

*Habari fundi. Nilinunua nusu baiskeli ya mitumba hapa Nairobi, nzuri sana, lakini kile kipande cha kufungia kwenye bomba la siti hakipo. Fundi wa kuchomelea anasema atanitengenezea. Binti yangu ana miaka sita, nataka kwenda naye msitu wa Karura. – Baba wa Nairobi*

Salama, ndugu yangu. Kuchomelea tu hapana. Boliti moja ikipitishwa kwenye tundu lililotobolewa kwa macho itapanua tundu hilo, na binti yako atalala upande kabla hamjafika getini. Mpeleke kwa fundi wa mashine ya kukereza chuma, achonge bushi za kuingia kwa kubana, na pini iwe na kifungo cha kuzuia isichomoke. Apime bomba lako kwa kipimo halisi: yapo ya milimita 25.4, ya 27.2 na ya 31.6, na tofauti ya milimita mbili inatosha kufanya kibano kizunguke. Kama bomba ni la kaboni, badilisha kwanza uweke la chuma. Ongeza mkanda imara unaounganisha fremu mbili, ili kiungo kikikatika asiachwe nyuma.

Kikikamilika, funga kwenye siti ya mtoto mfuko wa mchanga wenye uzito kama wake, uuzungushe kwenye matuta ya mtaani, kisha ufungue kiungo ukikague. Ukiona ufa kwenye uchomeleaji, hata mwembamba kama unywele, chombo hicho hakibebi mtu.

Karura ni chaguo zuri, na nafurahi kuona watoto wakipanda baiskeli katika msitu ambao Wangari Maathai alipigwa akiutetea Januari 1999. Chagua siku kavu. Udongo mwekundu ukilowa unateleza, na kwenye mteremko uzito wa nyuma unatafuta kukupita. Mteremko mkali mshuke wote, mtembee. Kofia ngumu kwenu wote wawili, na kamba za viatu vya binti zifichwe zisiingie kwenye cheni.

*Fundi, mimi ni mzee wa Tanga. Mjukuu wangu wa miaka minne nampeleka shule kwenye keria ya Phoenix yangu. Kuna kifaa gani cha kuongeza? – Babu*

Shikamoo babu. Cha kuvuta nyuma huhitaji, safari yako ni fupi na keria ya Phoenix ni ngumu. Tatizo ni spoku. Mguu wa mtoto ukiingia pale, kisigino kinachunika hadi mfupani, na nimewaona wengi walioumia hivyo. Ziba pande zote mbili za gurudumu la nyuma, kuanzia keria hadi karibu na ekseli, kwa wavu mgumu au ubao mwembamba uliofungwa kwa waya. Weka vikanyagio viwili vya miguu juu yake, na godoro dogo la kukalia. Springi za siti yako nazo zizungushie kipande cha tyubu kuukuu, maana mtoto hushika hapohapo, na ukiingia kwenye shimo vidole vinabanwa.